Msichana wa miaka 12 mwenye mgongo uliopinda kwa nyuzi 28: nianzie wapi, na nitafute mafunzo gani?

Swali

Ndugu wanataaluma, salaam. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia mwenye stashahada, nipo peke yangu katika idara ya hospitali ya wilaya, na wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi, wa mifupa iliyovunjika na wa maumivu ya kiuno. Wiki tatu zilizopita nililetewa msichana wa miaka 12. Aliyeligundua tatizo lake ni fundi cherehani aliyekuwa akimpima sare ya shule, ambaye alimwambia mama kwamba kila akiikata sketi sawasawa, pindo la upande mmoja hupanda, na kwamba bega la kulia limetokeza nyuma. Mama alimpeleka katika kituo kimoja cha afya akaambiwa kuwa mtoto bado anakua na mgongo utajinyoosha wenyewe. Ikapita miezi saba. Picha ya eksirei tuliyompiga sasa inaonyesha mkunjo wa kifuani ulioelekea kulia, wenye nyuzi 28 kwa kipimo cha Cobb, yaani pembe ya mkunjo inayopimwa kwenye picha. Hana maumivu, hana homa, wala hajavunja ungo.

Nilipomwambia ainame mbele huku viganja vimekutana, mbavu za kulia ziliinuka kama tuta la shambani na za kushoto zikazama. Chuoni skoliosisi, yaani kupinda kwa mgongo kuelekea upande, tulifundishwa kwa sehemu ya kipindi kimoja tu. Nimempa mazoezi niliyoyajua, yaani kuning'inia kwenye bomba, kujinyoosha na kuimarisha misuli ya tumbo, lakini nafsi yangu haijatulia, kwa sababu sijui kama yanamsaidia au yanampotezea muda. Naomba kujua tunaweza kufanya nini kabla mambo hayajafika kwenye upasuaji, na pia kama mafunzo ya video yanayotoa cheti baada ya saa chache yanatosha kwa mtu kama mimi, au nijipange kwa jambo kubwa zaidi.

Jibu la 1 (mtaalamu wa fiziotherapia, Dar es Salaam)

Ndugu, kwanza nikupongeze kwa kutoridhika na mazoezi uliyompa, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu hukwama kwa miaka.

Kabla ya mazoezi yoyote, tambua mtoto wako yuko wapi katika ukuaji. Nyuzi 28 kwa mtu mzima wa miaka 25 na nyuzi 28 kwa msichana ambaye hajavunja ungo ni mambo mawili tofauti kabisa. Tazama picha ya eksirei kwenye ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, usome daraja la Risser, linaloanzia 0 hadi 5 kadiri mfupa unavyokomaa. Watafiti Lonstein na Carlson waliochapisha kazi yao mwaka 1984, wakiwa wamefuatilia wagonjwa 727, walionyesha kwamba mikunjo ya nyuzi 20 hadi 29 kwa watoto walio katika Risser 0 au 1 iliongezeka kwa watoto 68 kati ya kila 100. Kwa hiyo yule aliyesema mgongo utajinyoosha alikosea, na miezi saba iliyopotea ilikuwa ndiyo miezi yenye thamani kubwa. Mpime urefu akiwa amesimama na akiwa ameketi, uandike tarehe, urudie kila mwezi.

Pili, hakikisha kwamba hii ni skoliosisi ya kawaida ya umri wa kubalehe isiyo na chanzo kinachojulikana. Katika nchi zetu mgongo uliopinda unaweza kuwa kifua kikuu cha pingili, hasa ukiona nundu kali ya mfupa katikati, jasho la usiku, kupungua uzito na maumivu yasiyompa mtoto usingizi. Mguse miguu, pima nguvu na mwitikio wa misuli, kwaruza tumbo taratibu pande zote nne uone kama ngozi inajikunja sawa pande zote, tafuta madoa ya rangi ya kahawa kwenye ngozi. Kimoja tu kati ya hivyo kikikutia shaka, mazoezi yasubiri na daktari wa mifupa au wa mishipa ya fahamu amwone kwanza.

Sasa mazoezi. Kuning'inia na kuimarisha tumbo havimdhuru, lakini havijui mkunjo wake uko upande gani. Skoliosisi si mgongo uliolala upande tu. Kila pingili imepinda na pia imejizungusha, na mbavu zimeifuata, ndiyo maana uliona tuta upande mmoja na bonde upande wa pili. Katharina Schroth, Mjerumani aliyezaliwa Dresden mwaka 1894 na ambaye mwenyewe alikuwa na skoliosisi, alilijua hili mwilini mwake. Husimuliwa kwamba alitazama mpira wa hewa uliobonyea upande, akafikiri kwamba bonde la mbavu zake nalo laweza kujazwa kwa pumzi. Mwaka 1921 alianza kuwatibu wengine huko Meissen, na baadaye yeye na bintiye Christa, aliyekuwa mtaalamu wa fiziotherapia, wakahamia Sobernheim mwaka 1961. Zoezi la njia yake hufanyika hivi: mgonjwa hurekebisha kwanza nyonga, kisha hujirefusha kutoka kiunoni hadi utosini, kisha huvuta pumzi na kuielekeza kwenye bonde, na wakati wa kutoa pumzi hukaza misuli ili kuushikilia mkao ule alioupata. Vifuko vidogo vilivyojazwa mchele huwekwa chini ya sehemu zilizotokeza au zinazohitaji kuinuliwa, na mahali pa kuviweka hutegemea aina ya mkunjo. Nilipokuwa mwanafunzi wa njia hii nilimwekea mgonjwa kifuko mahali ambapo nilikuwa nimekiweka kwa mwenzake, na mwalimu alikihamisha kwa vidole viwili tu. Nilishangaa kuona bega likishuka papo hapo. Kosa lile linanifuata hadi leo kila ninapokunja godoro la mazoezi.

Kuhusu ushahidi, ninakusihi useme na wazazi kwa kiasi. Huko Edmonton, Kanada, mtafiti Schreiber na wenzake walitoa mwaka 2016 matokeo ya wagonjwa 50: baada ya miezi sita, mkunjo mkubwa wa waliopewa mazoezi ya Schroth pamoja na huduma ya kawaida ulikuwa mdogo kwa wastani wa nyuzi 3.5 kuliko wa kundi lililopewa huduma ya kawaida peke yake. Mwaka huohuo nchini Uturuki ilionekana kwamba waliofanya mazoezi chini ya usimamizi wa mtaalamu walifanikiwa kuliko waliofundishwa kisha wakaachwa wafanye nyumbani peke yao. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini hayaruhusu mtu kumwahidi mama kwamba mgongo utanyooka.

Kwa upande wa mafunzo, zipo shule saba, yaani njia za mazoezi ya skoliosisi, zinazotajwa mara nyingi, ikiwemo ya Schroth ya Ujerumani, ya Barcelona iliyoanzishwa na Elena Salvá mwaka 1968, ya SEAS ya Italia na ya Lyon ya Ufaransa. Cheti cha video cha saa chache kitakupa msamiati, nacho si kibaya kwa kuanzia, ila hakitakupa mikono. Mafunzo yenye maana hukuweka mbele ya wagonjwa halisi, mwalimu akakuona unavyoshika mbavu, akakukosoa, kisha yakawa na mtihani. Ukipata nafasi ya kwenda, nenda ukiwa tayari umewapima wagonjwa wako kumi na kuandika kila kitu, ili maswali utakayouliza yawe ya kazi yako. Kabla ya hapo soma mwongozo wa SOSORT, chama cha kimataifa cha tiba ya skoliosisi bila upasuaji kilichoanza mwaka 2004. Toleo lililochapishwa 2018 linasomwa bila malipo.

Jibu la 2 (fundi sanifu wa viungo bandia na vifaa saidizi, Moshi)

Naomba niongeze jambo ambalo ndugu yangu amelipita. Kwa nyuzi 28, Risser ya chini na ungo ambao haujavunjwa, mazoezi peke yake hayatoshi. Mtoto huyu anahitaji kuonwa kuhusu brasi, yaani gamba la plastiki linalobana kiwiliwili, na aonwe mwezi huu. Ushahidi mzito kuliko wote katika tiba isiyo ya upasuaji uko hapo. Utafiti wa BrAIST wa Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 2013, ulihusu watoto 242 wa miaka 10 hadi 15 wenye mikunjo ya nyuzi 20 hadi 40. Asilimia 72 ya waliovaa brasi walimaliza ukuaji bila mkunjo kufika nyuzi 50, ambapo mara nyingi upasuaji huanza kujadiliwa, ikilinganishwa na asilimia 48 ya waliofuatiliwa tu. Na saa zilihesabiwa kwa kihisio cha joto kilichowekwa ndani ya gamba: waliolivaa kwa wastani wa saa 12.9 au zaidi kwa siku walifanikiwa kwa asilimia 90 na kidogo zaidi, ilhali waliolivaa saa chache hawakuwa tofauti sana na wasiovaa.

Brasi nzuri haibani kila mahali. Inasukuma tuta na kuacha nafasi tupu mkabala wake, ili bonde lipate pa kwenda wakati mtoto anavuta pumzi. Hapo ndipo kazi yangu na yako zinapokutana. Nimewahi kuletewa gamba lililotengenezwa kwingine, limekaza pande zote mbili sawasawa kama debe, na mtoto ndani yake anahema kwa mabega. Mtengenezaji alikuwa amechukua umbo la mwili kwa hogo (plasta) bila kulirekebisha hata kidogo. Mwambie daktari apige picha mtoto akiwa amevaa brasi baada ya wiki chache. Mkunjo ukipungua hadi karibu nusu ndani ya gamba, hiyo ni dalili njema, na usipobadilika, lirudi kwa fundi bila kuona haya.

Joto letu lina shida yake. Fulana ya pamba isiyo na mshono ubavuni ivaliwe chini, ibadilishwe kila inapolowa. Wekundu wa ngozi unaofutika ndani ya nusu saa baada ya kuvua hauna tatizo. Usiofutika, au malengelenge, ni sababu ya kuja kiwandani siku hiyohiyo. Hapa Moshi, TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, imekuwa ikifundisha mafundi wa fani hii tangu 1981, na wahitimu wake wametawanyika nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo huenda yupo mmoja katika hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe. Mtafute kabla hujanunua tiketi ya kwenda kokote. Mafunzo ya fiziotherapia bila fundi wa kushirikiana naye yatakuacha unamhurumia mtoto tu.

Jibu la 3 (mgonjwa wa zamani, Mombasa)

Mimi si mtaalamu, ila nilivaa brasi tangu miaka 13 hadi 16, na nimeona niseme neno kwa ajili ya mtoto huyo. Shuleni waliniita kibiongo. Nilikuwa nikilivua gamba chooni asubuhi, nalitia ndani ya mkoba wa nguo za michezo, halafu nalivaa tena kabla ya kufika nyumbani, na mamangu hakujua kwa muda wa miezi mitano. Aliyejua ni dada wa fiziotherapia, kwa sababu alama za mikanda kwenye ngozi yangu zilikuwa hafifu. Hakunifokea wala hakunishtaki. Aliuliza ni saa ngapi za siku ambazo ni rahisi kwangu, tukaanza na usiku na jioni, tukaongeza tukaongeza, hadi nikafika saa kumi na sita kwa hiari yangu. Tafadhali dada, zungumza na mtoto mwenyewe pasipo na mama, na umpe kioo ajione mgongo wake kwa macho yake. Mimi nilikuwa nimeambiwa habari za mgongo wangu mwaka mzima bila kuuona.

Aliyeuliza

Ndugu zangu, nimewasoma nyote zaidi ya mara moja na ninawashukuru kwa dhati. Nimerudia vipimo. Risser ni 0. Mwitikio wa misuli ni sawa pande zote, tumbo pia, na sikuona madoa. Nilikuwa na kipimo chake cha urefu cha siku ya kwanza. Ndani ya majuma haya machache ameongezeka karibu sentimita moja, jambo ambalo lisingenishtua kama nisingesoma jibu la kwanza. Skoliomita, kifaa cha kupima mwinuko wa mbavu mgonjwa akiinama, sina, lakini simu yangu ina kipima mlalo, nikaiweka juu ya tuta la mbavu akiwa ameinama, ikasoma nyuzi 9. Barua ya rufaa imeshaandikwa, na fundi wa vifaa saidizi katika hospitali ya rufaa ya mkoa nimezungumza naye kwa simu. Amesema atamwona Jumatano, na ameniomba niende naye ili tutazame mahali pa kusukuma kwa pamoja. Mganga mfawidhi ameniruhusu siku hiyo.

Mafunzo ya saa chache nimeyaacha kwa sasa. Nimeanza kuweka akiba kwa ajili ya kozi ya ana kwa ana, na nimefungua daftari la wagonjwa. Hadi jana majina yalikuwa mawili, kwa sababu mama huyo alirudi na mpwa wake.

Jana pia nilimtoa mama nje kwa dakika kumi, nikamsimamisha mtoto kati ya kioo cha idara na kioo kidogo nilichokishika nyuma yake. Alitazama kimya kwa muda mrefu. Kisha akaweka kiganja cha kushoto kwenye bonde la mbavu zake, akavuta pumzi bila mimi kumwambia, na akaniuliza kama ile sehemu iliyosogea chini ya vidole vyake ndiyo anayotakiwa kuijaza. Nilimwambia ndiyo, tukafanya mara ishirini pamoja, na vifuko viwili vya mchele ameahidi kuvishona mwenyewe kwa yule fundi cherehani.