Tupeane uzoefu: Walimu wa sayansi Kanda ya Ziwa, semina ya vitendo ilikuachia nini mkononi?

MAMA KIPIMAJOTO, Ilemela

Mwangaluka wakuu. Nafundisha fizikia sekondari, mwaka wa kumi na moja huu. Semina nimekaa nyingi, na zilizo nyingi nazikumbuka kwa chapati zake tu. Lakini ipo moja ya siku tatu, hapa hapa mjini, likizo ya Juni, ambayo mpaka leo ikinijia kichwani nacheka peke yangu kwenye daladala.

Mwezeshaji alikuja bila projekta. Alikuja na majiko ya mkaa, masufuria na vipimajoto kwenye boksi la viatu. Akatugawa makundi sita, kazi ikawa moja: chemsheni maji, mniandikie yamechemka kwa nyuzi ngapi. Tukaangaliana. Watu wazima na digrii zetu, tunachemshiwa maji!

Maji yetu yakatokota, kipimajoto kikasimama 96. Tukangoja. Tukapepea mkaa. 96. Mzee mmoja kwenye kundi, mwalimu wa siku nyingi, akasema hiki kibovu, tukakibadilisha. Cha pili nacho 96. Muda ukaisha, na karatasi ilikuwa mkononi mwangu mimi. Nikaandika 100.

Makundi yote sita yaliandika 100.

Yule bwana akazisoma moja moja, taratibu, bila kucheka. Kisha akasema: "Jiko langu limenipa 96. Sasa aliyedanganya ni maji au ni ninyi?" Darasa zima kimya.

Maelezo yenyewe tulikuwa tunayajua, ndicho kinachoniuma. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, inapungua, na maji yanachemka mapema. Kila mita 300 hivi unapoteza karibu nyuzi moja. Dar es Salaam utapata 100 yako. Mwanza ni 96. Nilikuwa nimefundisha mji huu miaka saba, nawaambia watoto 100, nawasahihishia 100, na sijawahi hata siku moja kutumbukiza kipimajoto kwenye sufuria nikaangalia.

Siku hizi hilo ndilo somo langu la kwanza kidato cha kwanza. Na bado, kila mwaka, kuna kundi linaandika 100. Wanaogopa kitabu kuliko macho yao.

Haya, semeni na ninyi. Vyeti sitaki kuviona, nataka kilichobaki darasani.

KISIWANI DAIMA, Ukerewe

Madam umenikumbusha aibu yangu. Mimi nilichelewa siku ya kwanza, meli ya Nansio ina mambo yake, nikakuta wenzangu wameshafunga nati kwenye uzi, wameining'iniza dirishani. Pendulamu. Uzi mita moja, hesabu mizunguko ishirini, tafuta g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao kitabuni ni 9.8.

Kundi letu likapata 10.9. Tukarudia, 10.8. Tukaanza kulaumu upepo wa ziwani. Mwezeshaji, dada mdogo tu, akasimama nyuma yetu akasema rudieni, ila mhesabu kwa sauti. Mwenzangu akaachia nati, nami nikapaza sauti: "Moja!"

Akasema simama hapo hapo. Hiyo moja umeitoa wapi? Nati haijaenda popote.

Kumbe tulikuwa tunaanza na moja badala ya sifuri, kwa hiyo ishirini yetu ilikuwa kumi na tisa. Ishirini kamili kwa uzi wa mita moja ni kama sekunde 40. Sisi tulipata 38 na kidogo, tukagawa kwa ishirini. Kosa la mzunguko mmoja linakupeleka karibu 11. Tulipoanza na sifuri, 9.8 ikaja yenyewe.

Sasa nikisahihisha kazi za vitendo nikaona 10.9 najua ugonjwa ni nini kabla sijamwita mtoto. Zamani nilikuwa naweka mkasi tu.

CHAKI NYEUPE

Mnazungumzia semina zipi hizo? Zangu mimi ni kusaini asubuhi, slaidi themanini, soda, kusaini jioni. Na nauli tunaambiwa italetwa. Mwaka wa pili huu bado inaletwa.

MAMA KIPIMAJOTO

@Chaki Nyeupe pole mkuu, hilo la nauli nalo ni uzoefu, lihesabiwe. Mtu katoka Buchosa huko kwa fedha yake, huwezi kumwambia asikilize kwa moyo.

FUNDI WA MAABARA, Nyamagana

Mimi si mwalimu, ni yule anayeosha bika mkiondoka. Nina moja.

Semina ya baiolojia, mada ni kupasua samaki. Nikatumwa Mwaloni, soko la samaki, alfajiri kuleta sato kumi na sangara mmoja. Nikachagua sangara halali, zaidi ya sentimita 50, maana wale wadogo ni kesi. Samaki mzima, hajapasuliwa, na hapo niliwabembeleza sana wale akina mama. Mnaoishi hapa mnajua sababu.

Kazi ikaenda vizuri. Walimu ambao walikuwa wanachora moyo wa samaki ubaoni kwa miaka wakaushika mkononi kwa mara ya kwanza, vyumba viwili tu, mdogo kuliko walivyodhani. Wakafunua mashavu wakaona yale matamvua mekundu. Kisha mwezeshaji akatoa kifuko cha hewa, akaeleza kwamba ndicho kinachomwezesha samaki kukaa majini bila kuzama wala kuelea, akakiweka kwenye sahani, tukaenda chai.

Tukarudi, sahani tupu.

Kile kifuko kitabuni kina jina refu la Kiingereza. Mwaloni kinaitwa bondo, na bondo la sangara lina bei kuliko nyama yake. Hatukumjua aliyelichukua. Ila kipindi kilichofuata kilikuwa kitamu kuliko vyote, maana mwalimu mmoja alisimama akasema: tumeshika kiungo ambacho watoto wetu wanakijua bei, sisi tunawafundisha kama kitu kigeni. Mkafundishe kwa kuanzia na bei. Mimi nilikaa nyuma nikaona huyu kapata zaidi ya aliyeiba bondo.

MWALIMU WA NYUMBANI, Sengerema

Natoka shule ya msingi, darasa langu lina watoto 112. Semina yetu ilikuwa ya kufaragua zana, yaani kutengeneza kwa vitu vya karibu, tukafundishwa kupima asidi na besi kwa choya, yale maua mekundu ya juisi. Unachemsha, unachuja, unapata maji mekundu. Ukitia ndimu yanang'aa zaidi, ukitia maji ya jivu yanageuka kijani kibichi. Sikulala siku hiyo.

Niliporudi nikawaambia watoto kila mmoja aje na kitu cha jikoni kwao. Walikuja na magadi, sabuni ya unga, ukwaju, maziwa yaliyochacha, mmoja akaja na dawa ya kikohozi ya bibi yake. Kelele zilifika barabarani. Mwalimu mkuu akaja mlangoni, akaangalia, akaniuliza mada hii umepangiwa vipindi vingapi. Nikasema viwili. Akasema hiki ni cha ngapi? Cha nne.

Basi. Simlaumu, naye ana wa kumuuliza. Lakini semina ile haikumwita yeye, ilituita sisi tu. Kwangu hapo ndipo inapovuja. Unamfundisha mpiga kasia, nahodha umemwacha nyumbani.

MSUKUMA WA MAGU

Yangu fupi. Ndoo ya maji, ndoo ya mchanga, zote juani tangu asubuhi. Saa saba mchana tia mkono. Mchanga unaunguza, maji ya uvuguvugu. Usiku kinyume, mchanga unapoa kwanza. Kijana wa kidato cha pili ambaye huwa analala darasani akainuka: "Kwa hiyo ndiyo maana usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani." Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Alikuwa anaujua upepo siku zote, alikosa sababu tu.

CHAKI NYEUPE

Haya hayo ya ndoo nitajaribu. Hayahitaji nauli.

KISIWANI DAIMA

@Mwalimu wa Nyumbani hapo kwa mwalimu mkuu umegonga. Kwetu kidogo MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) imesaidia, maana yale ni mafunzo ya hapo hapo shuleni, tunakaa jumuiya ya kujifunza, na mkuu anakuwepo. Wiki nyingine tunafanya jaribio la kweli, wiki nyingine, nisiwadanganye, tunajaza daftari tunaondoka. Inategemea nani kaamka na hamu.

Nami nina swali langu limenikaa. Semina ile tulitengeneza mota ndogo: betri kubwa ya tochi, pini mbili za nguo za mtoto, sumaku ya spika iliyokufa na koili ya waya wa shaba. Pale ilizunguka. Huku kisiwani nimejaribu muhula mzima, inatikisika kidogo inalala. Watoto wameanza kuiita mgonjwa.

FUNDI WA MAABARA

Waya umepata wapi na unene gani?

KISIWANI DAIMA

Kwa fundi anayezungushia mota waya mpya hapa Nansio. Kama nusu milimita. Ule wenye vanishi.

FUNDI WA MAABARA

Waya ni sawa. Ncha umezikwanguaje?

KISIWANI DAIMA

Kwa wembe, kuzunguka, zote mbili. Safi kabisa, zinang'aa.

FUNDI WA MAABARA

Ndiyo maana. Ncha moja kwangua yote, ya pili kwangua nusu tu, upande wa juu. Umeme lazima ukatike kila nusu mzunguko, la sivyo sumaku inaivuta koili mbele halafu inairudisha. Kata waya mpya, anza upya.

KISIWANI DAIMA

Imezunguka!! Saa nne usiku hii, nimemwamsha mama watoto aje aone.