Kikundi cha ukoo Mwanza: diwani anautaka umeya

Binamu Mkolani: Shikamooni wazee. Diwani wetu anazunguka akisema tumpe umeya wa Jiji. Tutampigia siku moja na udiwani?

Mjomba: Marahaba. Utapewa karatasi ya rais, ya mbunge na ya diwani, basi. Meya wanamchagua madiwani wenyewe kwenye kikao cha kwanza cha baraza: wa kata, wa viti maalumu, pamoja na mbunge. Tuseme ukumbini wapo 26 na wagombea ni wawili, kura 14 zinamaliza kazi.

Shangazi: Na kabla ya ukumbi kuna chama. Madiwani wa chama hukaa peke yao, wakapeleka jina moja. Wengi huangukia hapa: anashinda kutwa akiwabembeleza madiwani wa kata nyingine, kura za maoni za chama kwenye kata yake zinampita. Udiwani ukienda, na umeya umekwenda.

Mjomba: Kweli kabisa dada. Na orodha ya wajumbe watakaompigia meya kura ihakikiwe mapema. Dar es Salaam walifanya uchaguzi mkuu Oktoba 2015, meya wa Jiji akapatikana Machi 2016, kwa kubishania nani ana haki ya kupiga kura.

Dada Igoma: Akishapata, mitaro yetu itachimbwa?

Mjomba: Meya haidhinishi malipo, mwanangu. Mtendaji ni Mkurugenzi, ambaye pia ni katibu wa baraza. Nguvu ya meya iko kwenye kiti: anaongoza baraza kila robo mwaka, na Kamati ya Fedha na Uongozi. Kwa hiyo mtazameni anavyosoma kabrasha la kikao. Kwenye taarifa ya mapato kuna safu ya makisio na safu ya makusanyo halisi. Ushuru wa masoko ukiwa chini ya makisio robo mbili mfululizo, diwani makini anauliza pale pale: mashine za kukusanyia ziko ngapi, zinazofanya kazi ngapi, fedha zinafika benki baada ya siku ngapi? Anayesubiri ukurasa wa posho hatufai.

Shangazi: Mimi ningeanza na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Aseme vikundi vingapi vya Mkolani vimekopeshwa na vingapi vimerejesha.

Binamu Mkolani: Ameahidi pia kukarabati soko la samaki la Mwaloni.

Shangazi: Mwaloni uko Kirumba, hiyo ni Manispaa ya Ilemela, ina meya wake! Jiji ni wilaya ya Nyamagana. Asiwadanganye watu wa dagaa.

Dada Igoma: Wanasema umeya ni ngazi ya ubunge tu.

Mjomba: Stanslaus Mabula alikuwa meya hapa, 2015 akawa mbunge wa Nyamagana. Kupanda si kosa. Ila naibu meya huchaguliwa kila mwaka. Angeanzia hapo, au uenyekiti wa Kamati ya Mipango Miji, tuone anavyoamua migogoro ya viwanja.

Binamu Mkolani: Ana mkutano Jumapili saa kumi.

Shangazi: Nenda na swali la vikundi, baba. Akijibu, andika namba zake utuletee hapa.