The Oxbow ya Thomas Cole: ujumbe wa mazingira na jamii unasomwaje bila kubahatisha?

Ukili
Habari zenu wadau. Naandaa kipindi cha dakika 80 kwa wanafunzi 18 wa kidato cha tatu kuhusu The Oxbow (yaani kona ya mto iliyojipinda), mchoro wa rangi za mafuta wa mwaka 1836 wa Thomas Cole, mchoraji wa Marekani, ulioko Metropolitan Museum of Art, New York. Tutautazama kwa projekta. Shida ni kwamba wanafunzi hukimbilia kusema "kushoto pori, kulia mashamba, msanii anasema tutunze mazingira", basi, somo limekwisha. Nataka kila dai lishikwe na kitu kinachoonekana pale pale kwenye rangi. Nianzie wapi? Na hayo maandishi yanayosemekana yamefichwa mlimani, ni kweli?

Tope la Tana
Mwalimu, anza na ukubwa. Mchoro wenyewe una upana wa sm 193 na kimo cha sm 130.8. Makumbusho hiyo inaruhusu picha yake ipakuliwe bure, kwa hiyo chukua faili kubwa kuliko zote kwenye tovuti yao, kisha sogeza projekta mpaka upana ukutani ufike sm 193 kwa futi ya kupimia. Ukiurusha mdogo, au ukitumia nakala hafifu, vitu viwili vinavyobeba hoja nzima vitamezwa: mchoraji mwenyewe, na mabaka ya miti iliyokatwa kwenye kilima cha mbali.

Dakika 10 za mwanzo marufuku kutafsiri. Waandike wanachokiona tu: mti uliovunjika kushoto, wingu zito, mto uliojipinda kama zile kona za Tana, mashamba yaliyokatwa vipande, moshi wa nyumba. Neno kama "uharibifu" likitokea, lirudishe: umeona nini hasa?

Ndipo uwape jina kamili, maana linasema hii ni mandhari kutoka Mlima Holyoke, Northampton, Massachusetts, *baada ya* mvua ya radi. Neno hilo "baada" hupitwa na wengi. Wanafunzi husema dhoruba inakuja kuangamiza mashamba, kumbe dhoruba inaondoka, na inaondokea upande wa pori. Mwanga umebaki bondeni kwa wakulima. Usomaji wote hubadilika hapo.

Halafu mtafuteni Cole. Yuko chini, karibu na katikati, kati ya miamba, amevaa kofia, ana turubai mbele yake, na ametugeuzia uso. Waulize: mwili wake uko upande upi, na macho yake yanamtazama nani? Mwavuli wake umesimama kwenye ukingo wa mwamba, ukikata hadi kwenye bonde. Kwangu mimi huyo mtu mdogo ndiye ufunguo. Amekaa porini, anachora, na anatutazama sisi kana kwamba jibu linatoka kwetu.

Kibatari
Nakubali karibu yote, ila hapo kwenye "jibu linatoka kwetu" ningepunguza mwendo. Mchoro huu ulionyeshwa National Academy of Design, chama cha wasanii cha New York, mwaka huo huo wa 1836, mbele ya watu wa New York waliojivunia nchi yao kutanuka. Mtu wa wakati ule angeweza kuona mashamba yale na kufurahi tu. Wanafunzi waruhusiwe kutetea usomaji huo pia, mradi waonyeshe sehemu.

Kuhusu maandishi: mwaka 1981 watafiti wa historia ya sanaa walitoa hoja kwamba mabaka kwenye kilima yanafanana na herufi za Kiebrania. Ukisoma kawaida unapata jina la Nuhu, na ukiyageuza juu chini, kana kwamba unatazama kutoka mbinguni, unapata Shaddai, yaani Mwenyezi. Mimi ningeligawa dai hili mawili. Mabaka yapo, kila mwenye macho anayaona, na ni alama za msitu uliokatwa. Herufi zinategemea nani anatazama. Dai la mazingira lijengwe juu ya mabaka. Cole mwenyewe mwaka ule ule wa 1836 alichapisha makala kuhusu mandhari ya Marekani akililia miti inayoangushwa na shoka, kwa hiyo hapo mna rangi na maneno yake yakishuhudia jambo moja. Ukumbuke pia alizaliwa 1801 Bolton, Uingereza, mji wa viwanda vya nguo, akahamia Marekani 1818.

Upande wa jamii, msiishie kwa wakulima. Uliza nani hayumo. Bonde lile lilikuwa la Wanonotuck, wenyeji wa asili wa Marekani, na Waingereza walianzisha Northampton 1654. Mwaka 1830, miaka sita kabla ya mchoro, Marekani ilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji kutoka nchi za mashariki ya mto Mississippi. Cole alikwisha kuwachora wenyeji katika kazi zake za miaka ya 1820, kwa hiyo hatuwezi kusema hakujua kuwaweka. Hapa bonde limeonyeshwa kana kwamba kabla ya jembe palikuwa na miti tu. Mtego wake: kutokuwepo hakuthibitishi nia ya mchoraji. Kunathibitisha kile ambacho mtazamaji hakuonyeshwa, na hilo linatosha kwa mjadala.

Ukili
Asanteni sana. Je, nikilinganisha na mchoro mwingine, upi?

Tope la Tana
River in the Catskills, wa 1843, uko Museum of Fine Arts, Boston. Uweke kando ya View on the Catskill—Early Autumn, wa 1836–37, wa Metropolitan. Ni mahali pale pale. Katika ule wa kwanza kuchorwa miti imefunga pande zote. Katika ule wa 1843 imeangushwa, kuna mtu mwenye shoka, na kwa mbali garimoshi linavuka. Hapo mwanafunzi atahesabu kilichotoweka kwa kidole. Tenga dakika 25, wawili wawili, karatasi moja yenye safu mbili.

Kibatari
Na mtu akisema Cole alitabiri mto ungebadilika, mzuie. Kweli mafuriko ya 1840 yalikata shingo ya kona ile, mto ukapita njia ya mkato, lakini hiyo ni kazi ya maji kula kingo. Mchoro hauna habari nayo.