Naomba ushauri: wafanyakazi wananiletea ndugu zao

Wakuu, habari za jioni. Nina kiwanda kidogo cha mikate huku Mbagala, wafanyakazi 11. Mwaka jana niliwaambia, ukiniletea mtu akadumu miezi mitatu nakupa 50,000. Watu walikuja, tena wachapakazi kuliko wale wa tangazo la mlangoni. Sasa saba ni wa ukoo mmoja! Juzi nilimkaripia kijana kwa kuunguza trei nne. Kesho yake shangazi yake, ndiye mkandaji wangu tegemeo, akanuna, unga ukachelewa kukandwa, wenye maduka wakaondoka mikono mitupu. Niifute hiyo bonasi, au niweke kikomo cha ndugu wawili? Na usaili nifanyeje, maana aliyemleta mtu hukaa pembeni akimjibia maswali?