Majirani wa Milimani, Nakuru: Mbio za Zawadi

Baba Kiprono: Habari za jioni wapendwa. Mbio za Zawadi, za kuchangia utafiti wa ugonjwa wa mtoto wetu Zawadi, ni Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka getini kupanda Menengai. Kiingilio 500, tuma kwa M-Pesa ya mweka hazina.

Mama Brian: Nimetuma yangu na ya vijana.

Mwalimu Odhiambo: Mama Zawadi, niruhusu niulize hapa mbele ya wote. Kwa nini pesa ziende kwa utafiti ng'ambo? Mtoto yuko hapa, kiti chake cha magurudumu kimechakaa. Si tuanze na hicho?

Mama Brian: Hata mimi nimejiuliza hivyo.

Shosho wa Nyumba 4: Mwacheni mama mtoto aseme.

Mama Zawadi: Mwalimu, swali lako ni la haki. Zawadi alikuwa anasema "mama" na "maji". Alikuwa anashika kijiko. Alipokaribia mwaka na nusu maneno yakapotea, mikono ikaanza kusuguana kutwa nzima kama anayefua. Nikaambiwa ni jicho baya, nikaambiwa simlishi vizuri. Vipimo ndivyo vilivyoonyesha ni ugonjwa wa Rett, hitilafu kwenye jeni moja inayoitwa MECP2. Huwapata zaidi wasichana, takriban mmoja kati ya 10,000, na kwa kawaida mtoto hairithi kwa mzazi. Ile jeni ilitambuliwa 1999, maabara ya Dkt. Huda Zoghbi kule Houston. Utafiti huo ndio ulionitoa lawama, na kuna watu waliulipia kabla Zawadi hajazaliwa.

Mwalimu Odhiambo: Pole sana mama. Na dawa je?

Mama Zawadi: Ipo trofinetide, Marekani waliiidhinisha 2023. Inapunguza dalili, haiponyi, na bei yake hatuifikii hata tukiuza kila kitu. Mimi kinachonipa nguvu ni kingine. Mwaka 2007 Profesa Adrian Bird na wenzake kule Edinburgh waliiwasha tena jeni hiyo kwa panya waliokuwa wameshaugua. Wengi wakapata nafuu kubwa! Kumbe seli za ubongo hazikuwa zimekufa. Panya si mtoto, najua, lakini sasa majaribio ya tiba ya jeni yanafanyika kwa wasichana wenyewe. Kiti nitakinunua polepole kupitia chama. Tiba siwezi kuinunua peke yangu.

Shosho wa Nyumba 4: Mwanangu, magoti yangu hayapandi mlima. Nitatembea hadi kona ya kwanza. Pesa yangu ipeleke kwa utafiti.

Mwalimu Odhiambo: Nimeelewa. 2,000 zangu zote ziende huko. Ya kiti tutaongea sisi wengine, mama asisumbuliwe.

Baba Kiprono: Vizuri. Nani atamsukuma Zawadi? Nataka watatu wa kupokezana, kilomita mbili za kwanza tu.

Mama Brian: Brian na ndugu yake.

Mwalimu Odhiambo: Na mimi.

Mama Zawadi: Asanteni sana. Msimshike mikono kumtuliza, hapendi. Ukimsalimu mtazame machoni halafu usubiri, anajibu kwa macho na huwa anachelewa. Akishikwa na kifafa mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mniite.

Muuguzi Achieng: Nitatembea karibu na kiti, nipo zamu ya usiku lakini natoka saa kumi na mbili.

Baba Kiprono: Basi tuanze saa moja tukusubiri. Mama Brian, mitungi ya maji ni yako?

Mama Brian: Ni yangu. Nipatieni mtu wa pikapu.