Tupeane uzoefu: ulianza lini kujiandalia hotuba ya tuzo?

Mpangaji wa Umoja: Najua siko peke yangu. Jumatatu ya tarehe 3 Machi 2014 niliamka saa kumi alfajiri, si kuwahi matatu, bali kumngojea Lupita Nyong'o, mwigizaji wetu Mkenya, kwenye tuzo za filamu za Oscar. Kule Los Angeles ilikuwa bado Jumapili jioni. Runinga nilikuwa nimeishusha sauti, maana kuta za ploti yetu ni kama karatasi. Jina lake lilipotajwa, mwigizaji msaidizi bora wa kike, nikasikia yowe. Si langu. La jirani wa ukutani, mwanamume ambaye kwa miaka 2 hatukuwahi kuvuka "habari ya asubuhi". Kumbe naye alikuwa ameshusha sauti.

Lupita alipowaambia watoto kwamba popote watokapo ndoto zao ni halali, mimi tayari nilikuwa nimesimama kitandani na mwiko, ugali wa jana umekaukia ubapani. Nikamshukuru mama, nikamshukuru mwalimu wa drama, nikamruka mwalimu mkuu makusudi. Kazini nilichelewa, nikasingizia msongamano wa Jogoo Road.

Haya, lete yako. Na usijifanye hujawahi.

Fundi Cherehani: Mimi sikutazama, usingizi ni mali. Lakini wiki ile wasichana watatu walinijia na picha ile ile kwenye simu, gauni la samawati la Prada. Lupita mwenyewe alisema rangi ile inamkumbusha Nairobi, basi Nairobi nzima ikaitaka. "Fundi, hii utaiweza?" Fundi gani atakwambia haiwezi? Nikaenda Eastleigh kutafuta shifoni.

Kazi iko kwenye marinda. Ni mengi, madogo, na kitambaa kile kinateleza chini ya sindano kama omena. Halafu kifua kimekatwa V hadi karibu na kitovu, na mteja wa kwanza ni mwimbaji wa kwaya! Tuliijaza lesi ile V mpaka ikawa U. Wa pili alilichukua lake bila neno. Wa tatu aliacha arbuni akapotea, nami nikalimaliza hivyo hivyo. Usiku mmoja nikafunga mlango wa kibanda nikalivaa. Zipu iligoma nusu mgongo, watoto wanne si mchezo, lakini mbele ya kioo hainihusu. Hotuba niliitoa. Bado nasikia kule wanakupa sekunde 45 tu kisha muziki unakufukuza. Mimi nilifukuzwa na askari wa usiku wa soko, alipoona taa.

Kiti cha Mbele: Sisi waigizaji wa setibuku, vile vitabu vya fasihi vya mtihani, jukwaa letu ni bwalo la shule, harufu ya maharagwe haijatoka. Ukisahau mstari, watahiniwa wanakutajia kwa pamoja, maana wao wameukariri kukushinda.

Mwaka mmoja nikapata kibarua cha kuonyesha wageni viti kwenye usiku wa tuzo hapa mjini. Suti ya kukodi, viatu vya shemeji. Kamera ikawa inakaribia safu ya mbele na kiti kimoja kiko wazi, mwenyewe yuko msalani. Msimamizi akanisukuma: "Kaa!" (Msicheke, hata Oscar wana watu wa kujaza viti.) Nilikaa dakika kama 10, mguu juu ya mguu. Mshindi alipotajwa nikapiga makofi ya mtu aliyeshindwa kwa heshima, yale ya kutabasamu huku unatikisa kichwa. Mama aliniona akiwa Kakamega. Mpaka leo anajua mwanawe aliwahi kuteuliwa, na sijamsahihisha.

Wa Section One: Yangu ni ya 2018. "Watu Wote" ilikuwa imeteuliwa Oscar upande wa filamu fupi. Ni kazi ya wanafunzi wa Hamburg, ila ilipigwa hapa Kenya, inasimulia lile basi la Mandera lililovamiwa na al-Shabaab Desemba 2015, Waislamu walipokataa kutengwa na abiria wenzao Wakristo. Mamangu huwa anapita barabara zile kwa basi. Aliamka nami, shuka begani, akakaa bila kusema kitu. Ikashinda ya Uingereza, kuhusu mtoto kiziwi. Akauliza, "Sasa wale wa basi hawapewi kitu?" Nikakosa jibu. Akaenda kuchemsha chai.

Kijana wa Thamosi: Sanamu yenyewe ina uzito gani? Mimi nafanya mazoezi na thamosi.

Kiti cha Mbele: Kilo 3.85. Nyanyua pakiti 2 za unga kwa mkono mmoja huku unalia, ndio utajua.

Kijana wa Thamosi: Nimejaribu. Moja imepasuka.

Mpangaji wa Umoja: Fundi, lile la aliyepotea na arbuni bado unalo?

Fundi Cherehani: Lipo, kwenye gunia chini ya meza. Kiuno chako inchi ngapi?