Acheni kuwapoteza wageni: ufundi wa karakta mpya World of Warcraft Classic hauchaguliwi kwa mazoea

Wakuu, nimenyamaza muda mrefu kuhusu World of Warcraft Classic, lile toleo la zamani la mchezo wa mtandaoni, leo nasema. Kila akiingia mgeni na kuuliza "nimeanza Warrior (mpiganaji), nichukue ufundi gani?", anajibiwa jibu lilelile: "Warrior anavaa chuma, chukua uhunzi na uchimbaji madini." Akiwa Mage (mchawi) au Priest (kuhani): "ushonaji na kutia sihiri," yaani kuvipa vifaa nguvu za uchawi. Imeisha hiyo. Hakuna anayemuuliza yuko seva ya aina gani, ana karakta (mhusika wa kuchezea) wa pili au hana, ana dhahabu (hela ya mchezo) kiasi gani, anacheza usiku tu baada ya kazi au ana siku nzima. Watu wanagonga like, mgeni anaamini, anaenda kuharibikiwa peke yake huko.

Mdogo wangu ni mmoja wao. Alianza kwenye seva mpya zile za maadhimisho ya miaka 20 ya mchezo, zilizofunguliwa Novemba 2024. Akajiunga na gildi, yaani kikundi cha wachezaji, ambayo sitaitaja hapa. Kiongozi wao akamwambia: "Washonaji tunao wa kutosha, wewe kuwa mhunzi, madini tutakuletea." Dogo ana adabu zake, kaambiwa na mkubwa, akatii. Akaacha kuchuna ngozi, ambako ndiko alikokuwa anapata vijisenti, akashika uhunzi. Madini hayakuja. Akawa anayanunua kwenye mnada wa ndani ya mchezo kwa hela yake mwenyewe. Akafika leveli 40, wenzake wanapanda wanyama wao wanapita, yeye anatembea kwa miguu. Kipando cha kwanza pamoja na mafunzo ya kupanda ni takriban dhahabu 100, naye hakuwa na hata robo yake. Alipouliza gildini, akajibiwa kwamba mhunzi anayehitajika sasa ni wa pointi 300 za ufundi, kiwango cha juu kabisa, yeye bado mdogo. Sasa nani alimwambia awe mhunzi?

Wakongwe mnajua, lakini kwa wageni nirudie. Karakta mmoja ana nafasi mbili tu za ufundi mkuu. Kupika, huduma ya kwanza na uvuvi havihesabiwi humo, hivyo unaweza kuwa navyo vyote vitatu. Ukiamua kuacha ufundi mmoja ushike mwingine, pointi zote zinafutika na mapishi yote (maelekezo ya kutengeneza vitu) uliyojifunza yanaondoka. Ukirudi kesho unaanzia 1. Kwa hiyo mtu anapomwambia mgeni "jaribu tu hiyo, ukiona haifai utabadilisha", anamtuma akachome muda na mali. Kubadilisha kuna gharama, na anayelipa siyo wewe uliyeshauri.

Sasa tuuangalie huu uhunzi wenyewe mnaomsukumia kila Warrior. Mgeni wa leveli 12 anachimba mawe ya shaba, anayayeyusha, anafua mikanda na fulana za shaba ili pointi zipande. Zile fulana nani anazitaka? Misheni na danjoni (mapango ya kupigana kwa kikundi) za mwanzo zinatoa vifaa vizuri kuliko hivyo, bure. Akiwauzia wauzaji wa mchezo, wale wanaoendeshwa na kompyuta, anapata sarafu za shaba, zile ndogo kabisa, za kuhesabu kwa vidole. Akizipeleka mnadani anakatwa amana kwanza, na amana inapigwa kulingana na bei ambayo muuzaji wa mchezo angenunulia kitu hicho. Silaha na mavazi yana amana kubwa, madini ghafi yana amana ndogo. Fulana isipouzwa, amana imekwenda. Ikiuzwa, mnada unachukua asilimia 5. Wakati huohuo ile shaba aliyoifua ingeuzwa ikiwa vipande hivyohivyo, na kwenye seva changa wanunuzi wake wanagombana, maana kila mtu anataka kupandisha ufundi wake haraka. Mgeni amechukua kitu chenye bei akakigeuza kitu kisicho na bei, kwa ushauri wenu.

Na Warrior ndiye maskini kuliko wote. Anakufa sana, analipia matengenezo ya vifaa vyake mara kwa mara, hana uchawi wa kujiponya, silaha lazima ibadilishwe kila baada ya leveli chache la sivyo hapigi kitu. Huyo ndiye mnayemwekea mzigo wa uhunzi juu yake. Jamani!

Kitu kingine kinachoniudhi ni ushauri wa kubeba kutoka toleo la kisasa na kuubwaga kwenye Classic. "Chukua uchimbaji na mitishamba pamoja, utatajirika." Kwenye toleo la kisasa sawa, ramani ndogo inakuonyesha vyote kwa wakati mmoja, na jiwe mnaloliona watu watano mnaweza kulichimba wote. Kwenye Classic unafuatilia kitu kimoja tu. Ukiwasha kutafuta mitishamba, madini yanapotea kwenye ramani. Ukiwasha madini, majani yanapotea. Unashinda unabonyeza kitufe huku na huku njia nzima. Na mwenzako akikuwahi kwenye jiwe, limekwisha, unasubiri lirudi. Aliyeandika ushauri ule hajawahi kukimbizana na mtu bonde zima kwa ajili ya jiwe moja la bati, ingekuwa amewahi asingeuandika.

Kuchuna ngozi ndiko mnakodharau, na ndiko kunakomfaa mgeni kuliko vyote. Hakuhitaji ramani. Mnyama umeshamuua kwa ajili ya misheni, unainama unachuna, unaendelea na safari yako. Unabeba kisu kimoja basi. Hata mnada ukikataa, muuzaji yeyote wa mchezo anainunua ngozi: ile nyepesi shaba 15, ya kati shaba 50, nzito fedha 1 na shaba 50. Siyo utajiri, lakini inaingia kila siku bila kukutoa njiani. Ukiongezea uchimbaji au mitishamba, mojawapo tu, mgeni anafika leveli 40 akiwa na hela ya kipando mfukoni. Baada ya hapo ndipo aanze kufikiria uhunzi, uhandisi, au chochote moyo wake unachopenda.

Halafu kuna jambo ambalo nyie wakongwe mnalifanya wenyewe kila siku na hamwambii mgeni. Karakta wa pili. Hatua ya kwanza ya ufundi wa kutengeneza inafunguka leveli 5 na inakupeleka hadi pointi 75. Leveli 10 unakwenda hadi 150. Leveli 20, 225. Leveli 35, 300 kamili. Maana yake karakta mdogo wa leveli 5 aliyekaa mjini, hapigani na mtu, anaweza kuwa fundi wako cherehani. Mfuko wa kitani wa nafasi 6 unataka pointi 45 tu za ushonaji, mabunda matatu ya kitani, yaani vitambaa sita, na nyuzi tatu za kununua. Karakta mkuu anatuma vitambaa kwa posta, mdogo anashona, mifuko inarudi. Kadhalika kutia sihiri: kwenye Classic, kuvunja kifaa cha kijani (kilicho bora kidogo kuliko vya kawaida) ili upate vumbi na asili, malighafi za sihiri, hakudai pointi, hata mwenye pointi 1 anavunja kifaa cha leveli yoyote. Kwa hiyo hakuna sababu hata moja ya kumfanya mgeni ajaze nafasi mbili za karakta wake mkuu na ufundi unaokula hela, wakati karakta wa leveli 5 anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa amesimama pembeni ya sanduku la posta.

Mmemwambia Mage achukue kutia sihiri, mmemwambia pia habari za Uldaman? Mwalimu wa hatua ya mwisho, Annora, hayuko kwenye miji mikuu ya Stormwind wala Orgrimmar. Yuko ndani ya danjoni la Uldaman, na hatokei mpaka uue nge wote kwenye chumba chake. Mgeni anafika pointi 225 anazunguka miji yote akitafuta mwalimu, anadhani mchezo umeharibika. Nimewaona watu wakikaa hapo hapo kwenye 225 muda mrefu kwa sababu waliowashauri hawakurudi kuwaeleza.

Nisieleweke vibaya. Sisemi ufundi wa kutengeneza haufai. Fimbo ndogo ya uchawi inayotengenezwa na mtia sihiri, kipande kimoja cha mti na asili moja ndogo, unaivaa leveli 5, kwa Priest inabadilisha mchezo kabisa. Lakini unaweza kuinunua mnadani kwa bei ndogo au ukamwomba mtu akakutengenezea. Na yako pia mazingira ambayo maneno yangu yote ya juu yanageuka. Kwenye seva za Hardcore, zilizofunguliwa rasmi 2023, ukifa umekwisha, huko uhandisi unaokoa maisha: bomu la kusimamisha adui, sanamu ya kuvuta adui wakati wewe unakimbia. Na ukichagua ule utaratibu wa kujitafutia kila kitu mwenyewe, ulioongezwa 2024, hakuna mnada, hakuna kupewa kitu na mchezaji mwingine. Pale Priest bila kutia sihiri hana wa kumtengenezea fimbo, na bila ushonaji atabeba vimfuko vya kuokota mpaka achoke. Alkemia na mitishamba pale ni uhai. Hata ngozi inabaki na faida kwa sababu muuzaji wa mchezo bado ananunua.

Ndiyo maana nakasirika. Jibu linategemea yuko wapi na anachezaje, na nyie hamuulizi. Mtu yuko kwenye Hardcore ya kujitafutia mnamwambia akakusanye mitishamba auze mnadani. Mwingine yuko seva ya kawaida mnamwambia ajishonee kila kitu. Mtu wa toleo la kisasa, ambako tangu 2018 kila sehemu ya nyongeza ina pointi zake za ufundi na tangu 2022 kuna oda za wateja wanaoleta malighafi wenyewe, mnamwambia habari za kupanda hadi 300. Wote mnawapa karatasi moja.

Na wale viongozi wa gildi wanaogawa ufundi kwa wageni kana kwamba ni zamu za kufagia, kama gildi inahitaji mhunzi, gildi imlishe mhunzi. Toeni madini kwanza, mkononi au kwa posta, kisha ndiyo mumwombe mtu aache chanzo chake cha hela. Vipande vya arkaniti, ile metali ya thamani, mnavyovitaka kwa silaha kubwa, mwenye alkemia anageuza kimoja kila baada ya siku mbili. Huyo mnambembeleza na kumlipa kwa sababu mnajua muda wake una thamani. Muda wa mgeni wa leveli 20 nao una thamani. Analipia mwezi kama nyie, anachoma bando kama nyie, na anacheza kwenye seva za Ulaya kwa mtandao unaokatika katikati ya pambano.

Mgeni ukitaka ushauri kuanzia leo, andika seva, toleo, klasi, leveli uliyofika, dhahabu uliyonayo na kama una karakta wa pili. Asiyekuuliza hayo usimsikilize, hata awe ameingia reidi (mapambano makubwa ya kikundi) ngapi.

Na moderator, naomba ule mwongozo wa "ufundi bora kwa kila klasi" uliobandikwa juu ya jukwaa uondolewe. Umechanganya Classic na toleo la kisasa ndani ya jedwali moja, haujataja Hardcore hata mara moja, na ushauri wa namna hiyo usiouliza kitu ndio uliompeleka mdogo wangu kwenye uhunzi. Kama kuna anayetaka kuuandika upya, nipo tayari kuandika sehemu ya kuchuna ngozi na ya karakta wa pili. Tuanze hata leo jioni.